Maisha ya William Wilberforce na Neno Lililochelewesha Haki

Tarehe 25 Machi ni siku ya kukumbukwa katika historia ya Bunge la Uingereza. Siku hiyo, mwaka 1807, sheria ya kuwakataza Waingereza wasifanye tena biashara ya watumwa ilipata idhini ya mfalme. Jina la mtu aliyeipigania sheria hiyo Bungeni, William Wilberforce, hutajwa mara nyingi katika mahubiri na katika mafundisho ya vijana. Lakini habari zake husimuliwa kwa ufupi mno, kana kwamba alisimama siku moja, akanena maneno mazuri, na minyororo ikakatika. Haikuwa hivyo. Kwa hiyo twataka kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake kwa taratibu, maana ndani yake mna fundisho juu ya mambo mawili yanayofanana kwa nje, nayo ni kustahimili na kukawisha.

Wilberforce alizaliwa tarehe 24 Agosti 1759 mjini Hull, bandari iliyoko mashariki ya Uingereza katika jimbo la Yorkshire. Baba yake alikuwa mfanya biashara mwenye mali, aliyeuziana bidhaa na nchi zilizo kando ya bahari ya Baltiki. Mtoto alikuwa mdogo wa mwili, na macho yake yalikuwa dhaifu, lakini Mungu alimpa sauti nzuri ambayo watu walipenda kuisikiliza. Alipokuwa na umri wa miaka kama tisa baba yake akafariki, naye akapelekwa kwa ndugu ya baba yake karibu na mji wa London. Mama wa nyumba ile alikuwa miongoni mwa Wakristo walioamshwa na mahubiri ya George Whitefield, na mtoto akaanza kupenda sala na Neno la Mungu. Mama yake mzazi alipopata habari hakufurahi. Aliona mwanawe atakuwa mtu wa dini kupita kiasi, na watu wakubwa watamcheka. Akamrudisha Hull, na huko akazoezwa karamu, ngoma na michezo ya karata, hata mbegu ile ikaonekana kama imekufa.

Mwaka 1776 akaingia chuo kikuu cha Cambridge. Mali aliyoachiwa na wazee wake ilimtosha kuishi bila kazi, basi hakujibidisha katika masomo. Lakini alijipatia rafiki mmoja, William Pitt, aliyekuwa na umri kama wake, na urafiki wao ulikuwa na maana kubwa baadaye. Mwaka 1780, alipokuwa amepata tu miaka 21, Wilberforce alichaguliwa kuwa mjumbe wa mji wa Hull katika Bunge. Uchaguzi ule ulimgharimu zaidi ya pauni 8,000, kwa kuwa siku zile wapiga kura walizoea kupewa fedha na karamu. Miaka minne baadaye akachaguliwa kuwa mjumbe wa jimbo zima la Yorkshire. Naye rafiki yake Pitt alikuwa amekwisha kufanywa Waziri Mkuu, hali ana umri wa miaka 24 tu. Wilberforce alikuwa na mali, na sifa, na rafiki mwenye kushika hatamu za nchi. Kwa macho ya dunia hakupungukiwa na kitu.

Mwishoni mwa mwaka 1784 alisafiri kwenda Ufaransa pamoja na mwalimu mmoja wa Cambridge, jina lake Isaac Milner. Njiani wakasoma kitabu cha mchungaji Philip Doddridge juu ya maisha ya roho, na katika safari ya pili wakasoma Agano Jipya kwa Kiyunani. Walianza kwa mabishano tu, lakini maneno yale yakamshika Wilberforce asipate raha. Akaona haya kwa miaka aliyoipoteza. Katika miezi ya mwisho wa mwaka 1785 alikuwa na vita kubwa moyoni. Aliwaza kwamba mtu aliyeokolewa na Kristo hawezi kuendelea na mambo ya siasa, bali yampasa kuacha Bunge na kujitenga na dunia.

Mwezi wa Desemba akaenda kwa siri kwa mchungaji mzee aliyemfahamu tangu utoto wake, ndiye John Newton wa London. Newton huyu, kabla ya kuwa mtumishi wa Kanisa, alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa. Alijua kwa macho yake na kwa mikono yake mwenyewe uovu wa biashara ile. Wilberforce alizunguka nje ya nyumba kabla ya kupata moyo wa kubisha hodi. Mchungaji akamsikiliza, kisha hakumshauri kuacha kazi yake, bali akamtia moyo abaki Bungeni, akitumaini kwamba Mungu amemwinua kwa faida ya Kanisa na ya taifa. Pitt naye alimwomba asijitenge. Basi Wilberforce akarudi mahali pake. Wasomaji wetu walio wakulima, makarani, wauguzi na walimu wa shule na watafakari neno hili. Wongofu wake haukumpa kazi nyingine, ila ulimpa sababu mpya ya kufanya kazi ile ile.

Sasa yatupasa kueleza biashara ya watumwa ya Waingereza ilivyokuwa. Merikebu zilitoka Liverpool, Bristol na London zikiwa na nguo, bunduki, pombe na vitu vya chuma. Zilitia nanga katika pwani ya magharibi ya Afrika, na huko bidhaa zikabadilishwa kwa watu. Watu wale wakafungwa minyororo, wakalazwa chini ya sitaha wamebanana, wakavushwa bahari ya Atlantiki mpaka Jamaica, Barbados na visiwa vingine vya Karibi, wakauzwa wafanye kazi katika mashamba ya miwa. Kisha merikebu zikarudi Uingereza na sukari. Tangu mwanzo wa biashara hiyo hata mwisho wake merikebu za Waingereza zilichukua zaidi ya Waafrika milioni tatu, na wengi sana walikufa njiani wakatupwa baharini. Faida yake iliingia katika mabenki, katika bandari, na katika nyumba za wajumbe wa Bunge wenyewe. Aliyetaka kuigusa biashara hii aligusa mfuko wa nchi.

Mwezi wa Mei mwaka 1787 watu 12 walikutana London wakaunda kamati ya kuipinga. Tisa kati yao walikuwa wa jamaa ya Wakristo waitwao Marafiki. Pamoja nao walikuwako Granville Sharp, aliyekuwa amewatetea watumwa katika mahakama, na Thomas Clarkson, kijana mwenye nguvu asiyechoka. Kamati ilihitaji mtu wa kusema Bungeni. Mwezi ule ule Wilberforce aliketi chini ya mwaloni mkubwa katika shamba la Pitt huko Kent, pamoja na Pitt na William Grenville, na Pitt akamhimiza achukue jambo hili mikononi mwake. Akalichukua. Hakujua ya kwamba itampasa kulibeba miaka 20.

Wala tusidhani alifanya kazi peke yake. Clarkson alizunguka nchi juu ya farasi, akaingia katika bandari na vilabu vya pombe, akawauliza mabaharia mambo waliyoyaona. Alikusanya minyororo na pingu zilizouzwa madukani, pamoja na nguo na vitu vizuri vilivyotengenezwa na Waafrika, ili watu waone ya kwamba Afrika ina bidhaa nyingine za kuuza zisizo watu. Kamati ilichapisha picha ya merikebu iitwayo Brookes, yenye kuonyesha jinsi watu zaidi ya mia nne walivyopangwa ndani yake kama magogo, na picha hiyo ilibandikwa kutani katika nyumba nyingi. Tena alikuwako Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa mtumwa akajinunua kwa fedha yake mwenyewe. Mwaka 1789 alitoa kitabu cha maisha yake, akazunguka Uingereza na Ireland akikiuza na kusema na watu. Wengi waliokuwa wakihesabu watumwa kama mizigo walisoma kwa mara ya kwanza maneno ya mmoja wao.

Mwanzo wa mwaka 1788 Wilberforce aliugua sana hata ikadhaniwa atakufa, na Pitt akalitaja jambo lile Bungeni kwa niaba yake. Alipopona, tarehe 12 Mei 1789, akasimama mwenyewe akasema kwa muda wa saa tatu na nusu. Hakuwatukana wenye merikebu. Alisema kwamba taifa zima lina hatia, naye mwenyewe akijihesabu humo. Wengi walimsifu, lakini Bunge likaamua kwamba halina budi kusikia mashahidi kwanza. Mashahidi wakasikilizwa mwaka mmoja, na wa pili. Hata ilipofika Aprili 1791 kura zikapigwa. Waliotaka biashara ikomeshwe walikuwa 88, na waliokataa walikuwa 163. Wiki chache kabla ya kura hiyo John Wesley, akiwa karibu na kufa, alikuwa amemwandikia Wilberforce barua ya kumtia nguvu, maana mzee yule alijua ya kuwa mtu hawezi kusimama katika kazi kama hii kwa nguvu zake.

Watu wa kawaida hawakukubali kushindwa. Wengi waliacha kula sukari ya mashamba ya watumwa, na mwaka 1792 hati 519 za maombi zililetwa Bungeni kutoka miji na vijiji, zenye sahihi za maelfu na maelfu ya watu. Hapo wajumbe hawakuweza tena kusema kwamba nchi haijali. Usiku wa tarehe 2 Aprili 1792 wakajadiliana mpaka alfajiri. Ndipo aliposimama Henry Dundas, waziri wa mambo ya ndani, mtu mwenye akili na sauti ya upole. Hakuitetea biashara ya watumwa. Alisema hata yeye aichukia, na kwamba kweli yapasa ikome. Ila aliomba litiwe neno moja tu katika azimio, biashara ikomeshwe kidogo kidogo.

Neno hili likawapendeza wajumbe kupita kiasi. Mtu aliyeona haya kupiga kura ya kuunga mkono uovu, na aliyeogopa kupiga kura ya kuuondoa, wote wawili wakapata mahali pa kujificha. Azimio likapita kwa kura 230 dhidi ya 85. Watu wakamjia Wilberforce kumpongeza, lakini moyo wake ulijaa uchungu, kwa kuwa alifahamu lililotendeka. Mwaka jana wapinzani wake walimkataa waziwazi, na mtu anayekukataa waziwazi waweza kumjibu. Sasa walikuwa wamekubali naye, na mkono mtupu ukabaki mtupu.

Wajumbe waliweka mwanzo wa mwaka 1796 kuwa mwisho wa biashara. Lakini Baraza la Mabwana, ambalo ni nyumba ya pili ya Bunge, halikukubali azimio lile, bali likataka kusikia mashahidi wake lenyewe. Mwaka 1793 vita na Ufaransa ikaanza. Tena watumwa wa koloni la Saint-Domingue, lililokuwa la Wafaransa, walikuwa wameinuka tangu Agosti 1791 kujipigania uhuru wao, na wenye mashamba wakapata neno la kuwatisha wajumbe. Kila aliyetaja watumwa akaitwa rafiki wa adui. Mwaka 1793 Wilberforce akashindwa kwa kura nane. Mwaka 1796, ule uliotajwa kuwa mwisho, akashindwa kwa kura 74 dhidi ya 70. Kura nne tu! Usiku ule marafiki zake kadhaa, ambao wangalitosha kumpa ushindi, hawakuwapo, na baadhi yao walikuwa wamekwenda kutazama mchezo mpya wa kuimba. Hawakuwa maadui wa haki. Walidhani tu kwamba jambo hili litakuwapo hata kesho.

Wahenga wetu walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa matumbo yaliyoumia hayakuwa ya wale waliongoja. Tangu usiku ule wa kidogo kidogo hata sheria ilipopatikana ilipita miaka 15, na katika miaka hiyo mamia ya maelfu ya Waafrika walipakiwa katika merikebu za Waingereza. Kila mmoja alikuwa na jina, na mama, na lugha yake. Kukawia kwa wajumbe katika viti vyao vya ngozi ndiko kulikolipwa na watu hao.

Wilberforce alivunjika moyo mara kwa mara, na mwili wake ulikuwa wenye maradhi. Lakini Mungu alimpa wenzi. Mwaka 1797 alimwoa Barbara Spooner, nao wakapata watoto sita. Waliishi Clapham, karibu na London, penye majirani waliomcha Mungu, kama Henry Thornton aliyekuwa mwenye benki, na James Stephen mwanasheria aliyewahi kukaa Karibi, na Zachary Macaulay aliyewahi kuwa msimamizi wa shamba la watumwa kule Jamaica akatubu. Waliomba pamoja, walishauriana pamoja, wakagawana kazi. Kutoka kwa watu wa namna hii chama cha misioni kiitwacho Church Missionary Society kilianzishwa mwaka 1799, na chama cha kueneza Biblia mwaka 1804. Karibu kila mwaka Wilberforce alileta tena Bungeni shauri lake, kama yule mjane wa mfano wa Bwana wetu aliyemwendea kadhi bila kuchoka.

Mwaka 1804 Baraza la Wajumbe likakubali, lakini Mabwana wakaahirisha. Mwaka 1805 Wajumbe wenyewe wakakataa tena, kwa kura 77 dhidi ya 70. Januari 1806 Pitt akafariki, na Wilberforce akampoteza rafiki wa ujana wake. Lakini Waziri Mkuu aliyefuata alikuwa Grenville, yule yule aliyeketi pamoja nao chini ya mwaloni. Kwa ushauri wa Stephen walipitisha kwanza sheria ya kuwakataza Waingereza kuwapelekea watumwa wageni na adui zao. Katika wakati wa vita ilikuwa vigumu kwa mtu kuipinga, na kumbe ilikata sehemu kubwa ya biashara. Mwanzo wa mwaka 1807 Grenville akaleta mswada katika Baraza la Mabwana kwanza, ukapita. Usiku wa tarehe 23 Februari ukaletwa mbele ya Wajumbe. Mmoja wao, Samuel Romilly, akamlinganisha Napoleon na Wilberforce, jinsi kila mmoja atakavyolala usiku ule katika kitanda chake na dhamiri yake. Wajumbe wakapiga kelele za furaha, na Wilberforce akainamisha kichwa akalia. Waliokubali walikuwa 283, na waliokataa walikuwa 16.

Wengi huimalizia habari hapa. Lakini sisi twaona hatutamtendea haki mtu huyu, wala watumwa, tukifunga kitabu mahali hapa. Sheria ya 1807 ilikataza kununua na kusafirisha watu. Haikumfungua mtumwa hata mmoja aliyekwisha kufika Karibi. Wilberforce na wenzake waliamini kwamba mabwana wakikosa watumwa wapya watawatunza wale walio nao, na utumwa wenyewe utapungua na kufa pole pole. Walikosea. Miaka ikapita, na mijeledi ikaendelea kulia katika mashamba ya miwa. Mwaka 1823 wakaunda chama kipya cha kuupinga utumwa, na Thomas Fowell Buxton akachukua uongozi Bungeni, kwa kuwa Wilberforce alikuwa amezeeka. Nasi twastaajabu kuona ya kwamba katika jina la chama hicho waliandika kusudi la kupunguza ukali wa utumwa na kuukomesha kidogo kidogo. Neno lile lile lililomliza mwaka 1792, sasa lilikuwa limeandikwa mlangoni pake mwenyewe.

Aliyewakumbusha alikuwa mwanamke, Elizabeth Heyrick, mjane wa mji wa Leicester. Mwaka 1824 alitoa kijitabu akisema kwamba haki haigawanywi mafungu, na kwamba mtumwa anastahili uhuru wake sasa, wala si kidogo kidogo. Akawahimiza watu waache kununua sukari ya watumwa, naye na wenzake wakaenda nyumba kwa nyumba. Wilberforce hakupendezwa na wanawake kufanya mikutano na kuzunguka hivyo. Hatuwezi kulificha jambo hili. Yule mtu mwema, aliyesimama mbele ya mabwana wakubwa miaka mingi, hakuitambua mara moja sauti iliyosema kweli yake mwenyewe. Lakini vyama vya wanawake viliongezeka, na michango yao ikawa mikubwa, na mwaka 1830 chama kikaliondoa neno lile katika jina lake. Heyrick akafariki mwaka 1831 kabla ya kuona matunda.

Watumwa wenyewe nao hawakungoja. Wakati wa Krismasi mwaka 1831, huko Jamaica, mtumwa mmoja aliyekuwa shemasi wa Kanisa la Wabaptisti, Samuel Sharpe, aliwapanga wenzake wakatae kufanya kazi baada ya sikukuu mpaka wahesabiwe kuwa watu huru na kulipwa ujira. Jambo likageuka kuwa moto na vita. Watu zaidi ya mia tatu waliuawa kwa hukumu, na Sharpe akanyongwa tarehe 23 Mei 1832. Habari hizo zilipofika Uingereza, watu wakaona wazi ya kuwa utumwa hauna maisha marefu tena.

Wilberforce alikuwa ameondoka Bungeni mwaka 1825. Katika uzee wake mali yake ikapotea kwa sababu ya kilimo na biashara ya mwanawe wa kwanza iliyoharibika, naye hakuwa tena na nyumba ya kwake. Akaishi na wanawe waliokuwa wachungaji, mara huku mara huku, wala hakunung'unika. Tarehe 26 Julai 1833, akiwa mgonjwa London, aliletewa habari ya kwamba mswada wa kuukomesha utumwa katika milki ya Waingereza umefikia mahali ambapo hauwezi tena kushindwa. Akamshukuru Mungu. Siku ya tatu, tarehe 29 Julai, akafariki. Alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, karibu na rafiki yake Pitt.

Sheria ilipata idhini ya mfalme tarehe 28 Agosti 1833. Watumwa wapatao 800,000 walihusika nayo. Hata hivyo wenye watumwa walilipwa pauni milioni 20 kuwa fidia, na watumwa hawakulipwa kitu. Tena waliwekewa miaka ya kuwatumikia bado mabwana zao, eti wajifunze uhuru. Uhuru kamili ulipatikana tarehe 1 Agosti 1838. Hata katika ushindi neno kidogo kidogo lilijipenyeza.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo yalijua neno hili. Mwaka 1822 Waingereza walifanya mapatano na Sayyid Said asiwauzie watumwa mataifa ya Kikristo. Mwaka 1845 yakafuata mapatano mengine ya kuwakataza watu wasipeleke watumwa Arabuni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 katika enzi ya Sayyid Barghash, na mahali pale pale likajengwa kanisa. Hali ya utumwa ilipoteza nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897. Katika bara, serikali ya Wajerumani iliamuru kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, lakini wazazi wao hawakufunguliwa. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Tangu mapatano yale ya kwanza hata hapo ni miaka mia kamili. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1822, na mwanawe, na mjukuu wake, waliweza wote kuishi na kufa wakingoja.

Hata hivyo neema ya Mungu ilipitia njia ile ile. Chama cha misioni kilichozaliwa kati ya marafiki wa Wilberforce kilipokosa Waingereza wa kutosha wa kutumwa, kilichukua vijana Wajerumani waliolelewa katika Kanisa la Kilutheri la Württemberg. Hivyo Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann mwaka 1846. Rebmann ndiye aliyeuona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf aliandika kamusi ya lugha yetu. Kwa hiyo maisha ya mtu huyu wa Hull hayako mbali na sharika zetu kama tunavyodhani.

Basi tujifunze nini? Kuna kungoja kwa mkulima, aliyelima na kupanda, naye aitazamia mvua. Na kuna kungoja kwa mdeni, ambaye fedha anayo, ila asema njoo kesho. Wilberforce alingoja kama mkulima miaka 20, akilima kila mwaka shamba lililomkataa, na kwa hiyo twamheshimu. Dundas aliwafundisha wajumbe kungoja kama wadeni. Na mara moja, katika uzee, Wilberforce mwenyewe naye aliteleza katika njia ile ya pili, hata mjane akamwonya. Ikiwa mtu kama huyo aliteleza, sisi tujihadhari zaidi.

Katika mabaraza ya wazee wa usharika huletwa mashauri ya wanyonge. Mjane amenyang'anywa shamba na shemeji zake, yatima haendi shule, kibarua hajalipwa ujira wake. Ni mara chache mzee wa Kanisa husema waziwazi kwamba mjane asirudishiwe shamba. Husema litatazamwa, na kikao hufungwa kwa sala. Twawasihi wainjilisti na wazee wetu, kabla ya kusema sala hiyo, waulize ni nani atakayelipa siku za kungoja kwao. Mungu atujalie saburi ya mkulima, na atuondolee ulegevu wa mdeni.